Somo: Kupiga Picha Helikopta na Jeti za Kivita za Zamani, Mapanga Yaonekane Yanazunguka

Ukipiga picha Huey, helikopta ya kijeshi ya Marekani, kwa shata (muda ambao kamera inaruhusu mwanga uingie) ya sekunde 1/2000 utapata picha kali, hadi ribiti zinahesabika, lakini mapanga yatakuwa yameganda na helikopta itaonekana kama imezimika hewani. Jeti ni kinyume chake: shata ya polepole bila mazoezi inakupa ukungu mtupu. Tunaanza na helikopta kwa sababu ndiko wengi wanakoharibu.

Hatua ya 1: Jua rota inazunguka mara ngapi

Rota ni mapanga yote pamoja na mhimili yanapofungwa. Chukua mizunguko ya rota kwa dakika, zidisha kwa 6. Hizo ndizo nyuzi ambazo panga linazunguka kwa sekunde moja. Kisha gawanya kwa namba iliyo chini ya mstari kwenye kasi ya shata (kwa 1/500, gawanya kwa 500).

Rota kuu ya UH-1H (Huey) inazunguka mara 324 kwa dakika, yaani nyuzi 1,944 kwa sekunde. Kwa 1/500 panga linasogea nyuzi 4 tu, hapo limeganda. Kwa 1/125 linasogea nyuzi 15 na nusu, na kwa kuwa rota ina kipenyo cha mita 14.6, ncha ya panga imesafiri kama mita 2 shata ikiwa wazi. Jicho linakubali kuwa kitu kinazunguka. Kwa 1/60 ni nyuzi 32, na picha inapendeza zaidi, ila mkono uwe umetulia.

Mi-8, helikopta ya Kirusi, ni ya taratibu, mizunguko 192, kwa hiyo 1/125 inakupa nyuzi 9 tu. Shuka hadi 1/80 au 1/60. Mi-24 ni 240 na CH-47D Chinook ni 225. Kwa hizo anza na 1/100 ushuke.

Anayetaka mapanga yafanye duara zima, ahesabu na idadi ya mapanga. Huey ina mawili, kila moja lifunike nyuzi 180, na hiyo inadai 1/10. Mi-8 ina matano, kila moja linafunika nyuzi 72 tu, kwa hiyo 1/15 inatosha ingawa rota yake ni ya polepole. Duara zima lijaribu helikopta ikiwa imeelea mahali pamoja na kamera iko kwenye monopodi (mguu mmoja wa kuegemeza kamera). Helikopta inayopita mbio kwa 1/15 ni kamari.

Rota ya mkia usiihangaikie. Ya Huey inazunguka kama mara 5 ya rota kuu, kwa hiyo shata iliyofaa juu imeshafaa na nyuma.

Hatua ya 2: Punguza mwanga

Jua likiwa kali, ISO 100 na shata 1/60, kamera iliyo kwenye S au Tv (wewe unachagua shata, yenyewe inachagua tundu) itaziba tundu la lenzi hadi f/22 bila kukuuliza. Hapo picha nzima inalainika, na kila chembe ya vumbi kwenye sensa inatokea angani kama doa jeusi. Funga kichujio cha ND8, kioo cheusi cha mbele ya lenzi: kinapunguza mwanga mara 8, yaani stopu 3, na f/22 inarudi f/8. Kichujio cha polaraiza nacho kinapunguza mwanga, ila kwenye vioo vya plastiki vya chumba cha rubani kinaibua michirizi ya rangi za upinde wa mvua. Hiyo haisafishiki kirahisi kwenye kompyuta, kwa hiyo kivue.

Hatua ya 3: Fuatisha kwa kiuno

Simama miguu ikielekea pale utakapobonyeza, si pale ndege inapotokea. Zungusha kiuno kuipokea, kisha kikunjue taratibu ukiifuata ikipita mbele yako. Fokasi iwe ya kuendelea, na nukta yake ibaki kwenye mlango au kioo cha rubani. Kama lenzi ina swichi ya kutuliza mtikisiko yenye namba 1 na 2, weka 2, maana ile ya kwanza inashindana na mwendo wako wa pembeni. Bonyeza mfululizo wa picha 5 hadi 8 na uendelee kuzunguka hata baada ya kuachia kitufe. Wanaosimama ghafla wakishabonyeza huharibu picha za mwisho, mara nyingi ndizo zenye pembe nzuri.

Hatua ya 4: Jeti

Hapa 1/1000 hadi 1/1600, f/8, basi. Kazi iko kwenye pembe na mwanga. MiG-21 ikikujia uso kwa uso ni duara lenye vijiti viwili. Isubiri ilale kwenye kona, bawa lake la pembetatu lifunguke lote. Hawker Hunter inapendeza kutoka chini kwa mbele, maana ndipo unapoona vile vibonge viwili chini ya pua, vinavyopokea viungo vya mikanda ya risasi za mizinga yake minne ya milimita 30. F-4 Phantom zenye injini za J79 huacha moshi mweusi unaoonekana kabla ya ndege yenyewe. Tumia moshi huo kuweka fokasi mapema.

Mawingu meupe yakiwa nyuma, ongeza mwanga kwa fidia ya kamera (+/−) +0.7 hadi +1, la sivyo utapata kivuli cheusi chenye mabawa. F-86 au MiG-15 yenye bati tupu lisilopakwa rangi, ikiwa juani, punguza −0.3 hadi −0.7.

MASWALI

Swali: Mkuu, nilipiga Huey mfululizo, picha 11 kwa sekunde, na karibu zote panga limekaa palepale, linanielekea mimi. Helikopta inaonekana haina mapanga kabisa. Kamera ni mbovu?

Jibu: Nzima kabisa. Mizunguko 324 kwa dakika ni 5.4 kwa sekunde, na kwa mapanga mawili ni mapito 10.8 kwa sekunde. Kamera yako inakwenda karibu sawa na rota, kwa hiyo inaliwahi panga mahali palepale. Shusha hadi picha 8 kwa sekunde. Kila picha itakuta panga limehama nyuzi 63. Kisha chagua ile ambayo panga limelala mshazari juu ya kiwiliwili.

Swali: Simu yangu inatoa mapanga yaliyopinda kama ndizi. Nifanyeje?

Jibu: Sensa inasoma picha mstari kwa mstari, na panga linahama kabla haijamaliza. Kamera nyingi zisizo na kioo cha ndani (mirrorless) zina tatizo hilohilo zikiwa kwenye shata ya kimyakimya, yaani ya kielektroniki. Rudisha ya kimekanika. Kwenye simu, ingia mfumo wa mikono, weka 1/60 na kichujio cha ND mbele. Kupinda hakuishi, ila ukungu wa mwendo wa panga unaficha kupinda huko.

Swali: Lenzi yangu ni ya milimita 400, shata 1/2000, lakini jeti ikiwa inaanza kupaa picha inatoka kama imepita kwenye maji. Zikiwa juu ziko safi.

Jibu: Ni hewa moto juu ya lami, na hakuna shata inayoitibu. Piga asubuhi mapema, au usogee ili umbali wa lami kati yenu upungue. Na usipige kupitia moto wa injini: ndege iliyokupita ukaipiga kwa nyuma, mkia wake wote utayeyuka.