Arosto haikai: namna nilivyoacha sigara

Nilivuta kwa miaka 16. Niliacha mara nne kabla ya hii ya tano, kwa hiyo kurudia ndiko nilikobobea.

Siku tatu kabla ya kuacha, andika kila sigara unayowasha: saa, na ulikuwa unafanya nini. Zangu zilikuwa 18 kwa siku, na zenye arosto ya kweli hazikufika sita. Nyingine zilijiwasha zenyewe: simu ikiita, kahawa ikimiminwa, mlango ukifungwa.

Usipunguze ukadhani umepona. Nilikaa mwaka mzima na “tatu tu kwa siku”, najisifu. Moyo hauna hesabu hiyo: hata anayevuta moja kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya maradhi ya moyo aliyonayo mvutaji wa 20. Panga siku, ukate kabisa.

Siku hiyo pakiti iloweke majini kwanza. Yangu niliitupa kavu, na usiku wa manane nikawa nimeinamia pipa la taka na tochi ya simu, nikaibuka na kipisi kilichoganda majani ya chai. Nilikivuta.

Siku tatu za mwanzo ndizo kali. Arosto ikipanda, tazama saa. Mara nyingi hata dakika kumi haifikishi. Mimi nilikuwa naosha vikombe, maana kiberiti hakitaki mikono iliyolowa.

Kahawa ikate nusu. Moshi wa sigara huliharakisha ini kuvunja kafeini. Ukiacha, kikombe kilekile hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Nilitetemeka na kukesha, lawama zote nikaitupia nikotini.

Chingamu ya nikotini husaidia, ila usiitafune kwa pupa. Itafune taratibu mpaka uhisi ukali, kisha ibane kati ya shavu na ufizi. Mimi niliishambulia, nikashikwa na kwikwi jioni nzima.

Wiki ya pili nilikohoa kuliko nilipokuwa navuta. Kumbe vijinywele vya njia ya hewa, vilivyolemazwa na moshi, vilikuwa vimeanza tena kufagia makohozi. Ukiona damu, au kifua kikibana, hilo ni la daktari.

Ukiteleza ukavuta moja, usimalize pakiti kwa hasira. Jaribio langu la tatu lilikufa hivyo, kwa sigara moja ya harusini. Zilizobaki ziende majini saa hiyohiyo.