Jinsi ya kupata picha za kale za watu maarufu wa Marekani, bure na kihalali

Wengi wetu tukitaka picha ya Harriet Tubman, yule mama aliyewatorosha watumwa, au ya rais Abraham Lincoln tunafungua Google, tunachagua iliyokaa vizuri, tunasevu, basi. Afu picha yenyewe ni kadogo, ukiivuta inakuwa ukungu mtupu, aliyeipiga hajulikani, mwaka haupo, na hujui kama unaruhusiwa kuiweka kwenye kitabu chako au video yako. Hii kitu inaniuma kwa sababu picha hiyo hiyo, safi na kubwa kiasi cha kuchapa bango la ukutani, iko kwenye hifadhi ya umma huko Marekani na kuichukua hulipi hata senti.

Kila picha ina kwao. Kuna mtu aliipiga, kuna siku ilipigwa, na kuna jengo ambalo leo linatunza ile nakala halisi. Ukiirudisha picha kwao, maswali karibu yote yanajijibu yenyewe, iwe ni hakimiliki, ubora, au kama huyo mtu ni yeye kweli. Ukiiokota njiani huna unachokijua.

Anza na Maktaba ya Bunge

Ingia loc.gov, hii ndo Library of Congress iliyoko Washington. Wana kitengo kizima cha picha, kwahiyo kabla ya kusachi chagua sehemu ya picha, ukisachi maktaba nzima utazama kwenye magazeti na vitabu. Andika jina, tuseme Frederick Douglass, yule mtumwa aliyetoroka akawa mpinga utumwa maarufu. Yatakuja majibu mengi maana huyu bwana ndiye Mmarekani aliyepigwa picha kuliko wote karne ya 19, zinajulikana zaidi ya 160, na alifanya makusudi kabisa, aliona michoro ya wakati ule inavyowakejeli watu weusi akaamua sura yake ionekane kama ilivyo, na heshima yake yote.

Fungua moja. Usikimbilie kudanlodi, shuka kwanza kwenye maelezo utafute mstari wa Rights Advisory. Ukikuta "No known restrictions on publication" maana yake maktaba haimjui mtu yeyote anayeidai hiyo picha. Sio hati ya ruhusa, maana maktaba yenyewe haimiliki haki za picha nyingi inazotunza, inakwambia tu inachokijua. Lakini kwa picha ya miaka ya 1860 unalala usingizi mzuri.

Hapo hapo kuna Reproduction Number. Ikopi uiweke pembeni. Namba inayoanza na LC-DIG mara nyingi ni skani iliyotoka moja kwa moja kwenye picha halisi au negativu yenyewe, na ile ya LC-USZ62 ni nakala ya filamu nyeusi na nyeupe, yaani picha ya picha. Kama zote mbili zipo chukua LC-DIG, utaona tofauti kwenye macho ya mtu na kwenye nyuzi za koti. Alafu kwenye saizi usichukue JPEG ya kwanza unayoiona, shuka hadi TIFF, aina ya faili lisilopunguza ubora wa picha, hata kama ni zito, tunza hiyo kama mama wa picha zako zote na utengeneze ndogo kutoka hapo.

Na ukikuta picha inaonekana ndogo tu kama stempu na haikubali kukuzwa, usidhani saiti imeharibika. Picha nyingine wanazionyesha hivyo kwa watu walio nje ya maktaba kwa sababu ya haki zake. Iache, tafuta nyingine.

Kwanini hii iwe bure na ile isiwe

Hapa ndo watu wengi wanapotea kwa kudhani eti picha ikiwa ya zamani, nyeusi na nyeupe, basi ni ya kila mtu. Hapana. Kwa sheria ya Marekani kuna njia kama tatu hivi za picha kuwa mali ya umma, na inafaa uijue ni ipi inayokuhusu.

Ya kwanza ni aliyeipiga. Mfanyakazi wa serikali kuu akipiga picha akiwa kazini, hakimiliki haipo tangu siku hiyo hiyo. Ndo maana picha za NASA, za wapiga picha wa jeshi na za mpiga picha rasmi wa ikulu unazitumia. Ila ni serikali kuu, serikali ya jimbo ni habari nyingine. Na picha za kampeni sio picha za serikali: lile bango maarufu la Obama la mwaka 2008 lilichorwa kutoka kwenye picha ya mpiga picha wa shirika la habari la AP na ikaishia mahakamani.

Ya pili ni mwaka wa kuchapishwa. Picha iliyochapishwa Marekani kabla ya 1978 inalindwa miaka 95, afu tarehe 1 Januari inayofuata inaachiwa. Zilizochapishwa 1929 ziliachiwa tarehe 1 Januari 2025, za 1930 zikafuata 2026, na kila mwaka mpya unaleta fungu lingine. Angalia neno lenyewe, kuchapishwa, sio kupigwa. Picha iliyokaa kwenye sanduku la familia bila kuchapishwa inahesabiwa vingine, mara nyingi miaka 70 baada ya mpiga picha kufariki, au kama hajulikani miaka 120 tangu ilipopigwa.

Ya tatu ni mtu kutofuatilia karatasi zake. Zamani hakimiliki ilidumu miaka 28 afu mwenyewe alitakiwa kuihuisha. Kwa kazi zilizochapishwa kabla ya 1964, ambaye hakuihuisha aliipoteza. Ile picha ya Albert Einstein ambayo umeiona mara mia, uso umetulia na nywele zake zile, ilipigwa na Orren Jack Turner mwaka 1947, iliandikishwa, haikuhuishwa, leo ni yetu sote.

Kuna mfano mmoja naupenda sana. Martin Luther King na Malcolm X walikutana ana kwa ana mara moja tu, tarehe 26 Machi 1964 kwenye jengo la Bunge la Marekani, dakika chache tu. Marion Trikosko wa jarida la U.S. News & World Report alikuwepo na kamera, na picha yake iko Maktaba ya Bunge na ile lebo ya kutojulikana kizuizi. Wakati huohuo maneno ya hotuba ya King ya "I Have a Dream" ya tarehe 28 Agosti 1963 bado yana hakimiliki. Kwahiyo ukitengeneza video, picha unaweka bila shida, ila kuweka hotuba nzima juu yake ni jambo la kuombea ruhusa.

Hifadhi nyingine za kupitia

Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya taifa ya Marekani, wana mpango wa Open Access, walianza Februari 2020 na picha milioni 2.8 kwa mpigo na wameendelea kuongeza. Kichujio unachokitaka ni CC0, yaani wameachia haki zote, ukikiona umemaliza. Humo ndo ipo National Portrait Gallery, na humo utapata picha ya Lincoln ya Alexander Gardner ya Februari 1865, ile ambayo kioo cha negativu kilipasuka na ufa ukapita juu ya kichwa chake. Wiki chache baadaye Lincoln aliuawa. Ukiifungua kwa ukubwa wake wote ukaona ile mikunjo ya uso wa mtu aliyebeba vita miaka minne utaelewa kwanini nasisitiza faili kubwa.

National Archives, kwenye catalog.archives.gov, ni wazuri kwa karne ya 20, ila soma kila rekodi. Picha kukaa kwenye hifadhi ya serikali haimaanishi serikali ndo iliipiga, magazeti na mashirika ya habari nayo yalipeleka picha zao humo. New York Public Library nao wana mkusanyiko mkubwa, mwaka 2016 walifungulia zaidi ya picha na nyaraka 180,000, na kwa waandishi na wasanii weusi kile kituo chao cha Schomburg ni hazina.

Wikimedia Commons, lile ghala la picha la Wikipedia ambalo mtu yeyote anaweza kupandisha, naitumia kama barabara tu. Nikikuta picha huko nashuka hadi kwenye chanzo, nabofya linki, naenda kwao. Aliyeipandisha anaweza kukosea lebo, na wewe ndiye utakayeulizwa.

Saiti za kuuza picha zipo, na kuuza picha ya mali ya umma sio kosa, mtu yeyote anaweza. Mimi niliwahi kulipia picha ya mwanasayansi George Washington Carver kwenye saiti moja, wiki mbili baadaye nikaikuta Maktaba ya Bunge, imepigwa na Frances Benjamin Johnston kule chuo cha Tuskegee mwaka 1906, bure, na ni kubwa kuliko niliyoilipia. Tangu hapo sifungui pochi kabla sijapita loc.gov.

Ukisachi huoni kitu

Maelezo yaliandikwa kwa Kiingereza cha enzi zile, kwahiyo fikiria kama karani wa mwaka 1910. Wanawake wengi wameandikwa kwa jina la mume: Alva Belmont, aliyepigania wanawake wapige kura, utamkuta kama Mrs. O.H.P. Belmont. Watu weusi wameandikwa kwa maneno ambayo leo hatuyatumii, yanakera kuyaandika lakini rekodi ndivyo zilivyo. Jaribu pia jina la studio au la mpiga picha badala ya jina la mtu: Brady kwa miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Bain kwa miaka ya 1910, Harris & Ewing kwa wanasiasa wa Washington, Van Vechten kwa wasanii kama Billie Holiday na Zora Neale Hurston.

Hakikisha ni yeye

Hapa naomba usiwe na haraka. Picha yenye jina la uongo inasambaa kuliko ya kweli na mtu aliyefariki hawezi kukusahihisha.

Ile picha maarufu ya mwanaanga amesimama mwezini Julai 1969, vioo vya kofia vinang'aa, kila mahali wanaandika Neil Armstrong. Ni Buzz Aldrin. Armstrong ndiye aliyeshika kamera, na ukiangalia kwenye kioo cha kofia utamwona kwa mbali, kadogo, kwenye taswira. Picha ya Rosa Parks akichukuliwa alama za vidole inawekwa sana kwenye habari za Desemba 1955 alipokataa kusimama kwenye basi la Montgomery, kumbe ni ya Februari 1956, alipokamatwa tena pamoja na viongozi wengine wa mgomo wa mabasi. Crazy Horse, yule kiongozi wa Walakota, wenyeji wa asili wa Marekani, hakuna hata picha moja iliyothibitishwa kuwa yake, lakini ukisachi utaletewa kadhaa. Na kuna mchoro wa Lincoln amesimama kifalme, mwili ule ni wa John Calhoun, mtetezi mkubwa wa utumwa, kichwa cha Lincoln kimepachikwa tu.

Tarehe nayo inakulinda. Upigaji picha ulitangazwa duniani mwaka 1839. George Washington alifariki 1799, kwahiyo "picha" yake yoyote ni mchoro au kazi ya kompyuta. Kwa watu wa wakati wake tafuta michoro, na usiogope, mwaka 1999 mahakama ya New York iliamua kwamba kupiga picha mchoro wa zamani kama ulivyo hakuzalishi hakimiliki mpya.

Zilizotiwa rangi siku hizi kaa nazo mbali kama unataka chanzo. Rangi ni za kukisia, na aliyezitia anaweza kudai haki ya kazi yake.

Kabla hujaitumia

Kama ni makala, somo au kitabu cha historia, hapo upo sawa. Kama unataka kuuza tisheti au kutangaza bidhaa kwa uso wa mtu, kuna haki ya sura, ni tofauti na hakimiliki na kila jimbo lina yake. California wanailinda miaka 70 baada ya kifo. Kwa Sojourner Truth, mpinga utumwa wa miaka ya 1860, hakuna shida, kwa nyota wa sinema aliyefariki 1990 uliza mwanasheria. Na kama utachapisha nje ya Marekani angalia sheria ya huko pia, hesabu zao za miaka hazilingani.

Mtaje mpiga picha hata kama hulazimiki. Sojourner Truth alikuwa anauza picha zake mwenyewe kuendesha maisha na kazi yake, na mwaka 1864 aliziandikisha hakimiliki kwa jina lake, mwanamke aliyezaliwa utumwani. Watu hawa walijua thamani ya picha. Picha za Carl Van Vechten nazo ni mali ya umma, ila wasimamizi wa urithi wake wameomba zisikatwe wala kutiwa rangi, mimi nawaheshimu, naziacha zilivyo.

Mwisho kabisa, faili usiliache na jina lake la kompyuta. Liandike jina la mtu, mwaka, mpiga picha na ile namba uliyoikopi, mfano tubman-1868-powelson halafu namba. Hiyo ya Tubman kabla hajazeeka, amekaa kwenye kiti na gauni lake, ilikuwa imejificha kwenye albamu ya mtu miaka yote hadi 2017 iliponunuliwa kwa pamoja na Maktaba ya Bunge na jumba la Smithsonian la historia ya Wamarekani weusi. Kabla ya hapo wengi tulimjua akiwa bibi kizee tu. Sasa iko mtandaoni, TIFF nzima, nenda kaanze nayo hiyo.