Mvua ikikatika, panda ukaangalie mteremko ulio juu ya nyumba yako

Wengi hapa Cheptais, kwenye Mlima Elgon, huogopa mvua ikiwa inapiga mabati. Mimi naogopa zaidi kesho yake, jua limetoka na kila mtu amerudi shambani. Udongo wetu wa mfinyanzi hunywa maji polepole na kuyashika. Yakizama hadi kwenye mwamba, hayana pa kwenda. Udongo unazidi uzito juu na kuteleza chini. Mlima unaweza kuporomoka saa nyingi baada ya mvua kuisha.

Kwa hiyo mvua kubwa ikinyesha siku mbili tatu mfululizo, ikikatika chukua panga na kamba, upande juu ya boma lako ukiwa na mwenzako. Unatafuta ufa. Nyufa za kiangazi zimetawanyika ovyo, hizo ziache. Wa hatari ni mrefu, umekata mteremko kwa upana, na ncha zake zimepinda kuelekea bondeni kama mwezi mchanga. Ukiuona, simama upande wa juu. Pigilia kigingi kimoja upande wa juu wa ufa na kingine ng'ambo yake, pima kati yao kwa kamba, kisha tia fundo palipoishia kipimo. Rudi baada ya saa chache. Kama fundo halifiki tena kwenye kigingi, hakuna haja ya kupima mara ya tatu: hamisha watu, mwambie chifu. Kama halijasogea, shindilia udongo kwenye ufa maji yasizidi kuingia, lakini mvua ikirudi usilale chini yake.

Ukishuka, tazama nguzo za ua na miti: zimeanza kuinama? Mlango uliofunga vizuri juzi unakwama leo? Chemchemi imetokeza mahali pakavu, au ile tunayochotea imegeuka tope ghafla? Kwangu mimi, chemchemi ndiyo inayonitoa nyumbani haraka kuliko yote.

Kuna jambo tunajifanyia wenyewe. Tunachonga mlima kupata kiwanja, ukuta wa udongo unabaki umesimama wima nyuma ya jikoni, halafu tunapanda mkaratusi mmoja juu yake na kujiona tumemaliza. Mkaratusi mmoja hauzuii mlima. Kama tayari umejenga hivyo, msimu wa mvua watoto walale chumba cha mbele.

Kuhama ni kabla ya giza. Maporomoko ya West Pokot ya Novemba 2019 yaliwakuta watu usiku, wengi wamelala. Nenda kwenye mgongo wa mlima au uwanda ulio mbali na miteremko, kamwe si kwenye vibonde vinavyoshuka, maana tope hufuata njia ya maji. Kando ya mto napo si salama. Kule Bududa, upande wa Uganda wa mlima huu huu, Oktoba 2018 ardhi iliporomokea mtoni, na mto ukashusha mawe na tope hadi kwa watu waliokuwa chini. Mto ukipungua ghafla huku mvua ikiendelea, usifurahi: huenda umezibwa huko juu.

Ukisikia ngurumo isiyokoma, au miti ikivunjika, kimbia kwa upande, utoke kwenye njia ya tope. Ukishuka nalo litakupita mbio.

Likishatua, najua mkono unavyowasha kushika jembe na kwenda kufukua jirani. Weka kwanza mtu wa kuangalia juu na kupiga filimbi, kwa sababu kipande cha pili hufuata mara nyingi. Msalaba Mwekundu wanapatikana kwa 1199, bila malipo.

Mifugo, wafungue kamba tu wajitafutie njia. Mama mkwe wangu hatoki bila kuku wake, kwa hiyo tenga lao linakaa mlangoni msimu wote wa mvua. Kubishana naye kunachukua muda zaidi.