Pedali za besi kwenye ndege: zitenganishe na nyaya

Wapiga gita la besi mnaopandia ndege Kisumu kwenda shoo Nairobi au Mombasa: usiku kabla ya safari chomoa nyaya zote kwenye pedali (vile visanduku vya kubadilisha sauti ya gita), zikunje kwenye mfuko wake unaoonyesha ndani, kisha pedali zipange juu kabisa ya begi la mkononi, zisilaliane. Kwenye eksirei, visanduku vya chuma vilivyorundikana na nyaya na betri huonekana donge moja jeusi, na hapo begi lote linamwagwa mezani huku foleni ikikutolea macho. Mimi huzitoa hata kabla sijaambiwa, naziweka kwenye trei kama laptopu. Pawabenki nayo isiende kwenye mzigo wa chini kamwe. Ya mAh 20,000 kwa volti 3.7 ni Wh (wati-saa) 74, haijafika kikomo cha Wh 100 cha mashirika ya ndege.

Ujanja huu hauna kazi ukibeba ubao mzima wa pedali, maana mizani itakukataa kabla hujafika kwenye eksirei. Basi mkononi bakia na tuna (pedali ya kuwekea nyuzi sawa) na kompresa (ya kusawazisha ukubwa wa sauti), zilizobaki zitoe betri, zifunge kwa sweta, ziingie sandukuni. Vitufe vya kuzungusha vya pedali vipige picha kwanza, vitazunguka tu.