Somo: Namna ya kuitambua ndege ya kijeshi usiyoizoea, kwa walioko Arusha na Moshi

Wapenzi wa ndege, habari za leo. Naandika somo hili kwa sababu ya jambo moja linaloharibu kazi yetu. Mtu anatuma picha yenye ukungu, na kabla hata haijafunguka vizuri watu wameshataja jina. Kila ndege ya kijivu yenye mapangaboi manne ni Hercules, ile ya mizigo ya Kimarekani, basi. Jina likishatajwa, kila mmoja anaanza kuona kile alichoambiwa badala ya kile kilichopo.

Utaratibu ninaouomba ni huu: andika kwanza ulichokiona, kwa maneno ya kawaida, ndipo utafute jina. Waangalizi wa anga wakati wa Vita Kuu ya Pili walifundishwa kufuata mpangilio mmoja bila kuuruka: bawa, injini, kiwiliwili, mkia. Mimi naanza na injini kwa kuwa ndizo zinazohesabika mapema ndege ikiwa bado mbali. Wewe ukizoea kuanza na bawa, anza na bawa, ila usirukeruke.

Hatua ya 1: Jua umesimama wapi

Uwanja wa KIA (Kilimanjaro) ulifunguliwa mwaka 1971. Una njia moja ya kurukia, ya takriban mita 3,600, inayolala mashariki–magharibi. Urefu huo unatosha ndege kubwa za mizigo za kijeshi, kwa hiyo dubwasha linaloshuka pale lisikushangaze. Kisongo, uwanja wa Arusha, ni habari nyingine, kule ni ndege ndogo na za kati. Ndege inayotua KIA ikitokea magharibi hupita kusini mwa Usa River, nayo inakuwa imeshateremsha magurudumu, kwa hiyo utaona mambo mengi kwa muda mfupi.

Halafu kuna jua. Ukiwa upande wa Arusha, KIA iko mashariki yako, na asubuhi utakuwa unalitazama jua usoni. Walioko Moshi taabu yao ni jioni. Ndege iliyopigwa na jua kwa nyuma inakuwa nyeusi tii, na rangi yake haina ushahidi wowote. Ndiyo maana rangi naiweka mwisho kabisa.

Hatua ya 2: Hesabu injini, kisha uangalie zimekaa wapi

Hapa tukae, maana nusu ya ubishi wetu ungekwisha hapa.

Mapangaboi manne, mabawa juu ya kiwiliwili: una wagombea watatu wa kawaida. C-130 Hercules, iliyoruka mara ya kwanza Agosti 1954, ina bawa lililonyooka, pua butu ya rada, na mkia wima mkubwa mmoja. Nyingi za zamani zina mapanga manne kwa kila pangaboi, C-130J ina sita yaliyopinda. An-12 ya Kisovieti ukiiona haraka utasema ni Hercules, lakini tazama chini ya pua: kuna vioo vya navigeta, yaani mwongoza njia. Tazama pia nyuma kabisa, chini ya mkia wima: nyingi zina kibanda cha mpiga bunduki. Hercules haina. Y-8 ya Kichina imetokana na An-12, na pua yake ya kioo ni ndefu zaidi. Wa tatu ni A400M ya Ulaya, iliyoruka Desemba 2009. Bawa lake limelala nyuma, mkia una umbo la T (mkia wa ulalo umekaa juu ya mkia wima), na kila pangaboi lina mapanga manane yaliyopinda kama jambia. Kingine kizuri: kwenye kila bawa, mapangaboi mawili yanazunguka pande zinazopingana. Kwenye picha kali utaliona hilo kwa mkunjo wa mapanga.

Injini nne za jeti na mkia wa T: C-17 au Il-76. C-17 (iliruka mara ya kwanza Septemba 1991) ina ncha za mabawa zilizosimama kwenda juu. Il-76 (Machi 1971) haina, na chini ya pua ina vioo kama An-12. Ukiona ndege kubwa kuliko hizo, injini nne, lakini mkia wake wa ulalo uko chini, fikiria An-124.

Injini moja ya jeti yenye tundu la hewa puani na koni katikati: familia ya MiG-21. China iliitengeneza kwa jina la J-7, na zile za kuuza nje zikaitwa F-7. Jeshi letu nalo limezitumia. Ukingo wa mbele wa bawa la MiG-21 umenyooka kuanzia kiwiliwili hadi ncha. Matoleo ya baadaye ya Kichina yana ukingo uliovunjika katikati, yaani pembe mbili. Mkao huo wa bawa unatosha kukutoa kwenye "ni MiG tu".

Hatua ya 3: Bawa na mkia

Bawa liko juu, katikati au chini? Limenyooka, limelala nyuma, au ni pembetatu? Kuna bawa dogo jingine mbele, karibu na rubani? Mkia wa ulalo uko wapi? Jibu hata kama unaona halina maana. "Bawa juu, limenyooka, mkia T, mapangaboi mawili" ni maelezo yanayoweza kufanyiwa kazi na mtu aliyeko Mwanza au Tanga ambaye hakuiona ndege yenyewe. "Ndege kubwa ya jeshi" hayamsaidii mtu.

Hatua ya 4: Sasa soma maandishi

Ndege za kiraia za Tanzania huanza na 5H, za Kenya 5Y, za Uganda 5X. Za JWTZ hubeba JW. Kwenye programu za kufuatilia ndege, mwito (jina la ndege redioni) unaoanza na RCH ni wa usafirishaji wa jeshi la anga la Marekani, na RRR ni wa jeshi la anga la Uingereza. Maandishi yakipingana na umbo, rudi kwenye umbo ulikague upya. Usilipindishe umbo ili likubaliane na maandishi.

Hatua ya 5: Kamera

Hili nalisema kwa uzito wote. Usipige picha kambi ya jeshi, uzio wake, walinzi wake, wala ndege iliyoegeshwa ndani yake. Uwanjani, mlinzi akisema weka kamera, weka, hakuna cha kubishana. Novemba 2001 Waingereza 12 na Waholanzi 2 walikamatwa Kalamata, Ugiriki, walikokwenda kutazama maonyesho ya ndege. Walikuwa wapenzi wa ndege kama sisi, na daftari zao za nambari za ndege ndizo zilizogeuzwa ushahidi wa ujasusi. Aprili 2002 walitiwa hatiani, na rufaa ikawaachia Novemba mwaka huohuo. Mwaka mzima wa maisha ya watu, kwa ajili ya nambari za mikia. Kuandika daftari nyumbani kwako, ndege ikipita juu, kunatosha.

Zoezi: ndege iliyokuja kwetu kwa ubaya

Nawapa mfano mmoja wa kuujaribia utaratibu huu, kwa sababu ni historia yetu. Machi 1979, vita vya Kagera vikiendelea, Libya iliyokuwa ikimsaidia Idi Amin ilituma ndege ya kudondosha mabomu kuupiga mji wa Mwanza. Ililikosa lengo, mabomu yakaanguka kisiwa cha Saanane na kuua wanyamapori. Ndege hiyo ilikuwa Tu-22 ya Kisovieti.

Ipitishe kwenye hatua zetu. Injini mbili za jeti, lakini hazipo kwenye mabawa wala ubavuni: zimebandikwa juu ya mkia, kushoto na kulia kwa mkia wima. Ni ndege chache mno duniani zenye mpangilio huo. Bawa limelala nyuma sana. Nyuma ya mabawa kuna vifuko viwili virefu vya kuhifadhia magurudumu, alama ya mkono wa Tupolev, waundaji wake, ambayo utaiona pia kwenye Tu-16, Tu-95 na hata Tu-154 ya abiria. Pua ndefu iliyochongoka. Mtu aliyefundishwa kuanza na injini angeitambua kwa sekunde moja. Viti vyake vya kujiokolea vilifyatuka kwenda chini, kwa hiyo ikipata hitilafu karibu na ardhi, wafanyakazi wake hawakuwa na pa kukimbilia. Na tafadhali, Tu-22M ni ndege nyingine kabisa: mabawa yake yanakunjuka na kukunjika angani, na injini zimo ndani ya kiwiliwili.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Boma Ng'ombe: Kaka, niliiona kwa macho yangu ila kwenye Flightradar24, ile programu ya kufuatilia ndege, haipo. Ina maana ilikuwa safari ya siri?

Si lazima. Ndege nyingi za kijeshi hazitangazi mahali zilipo, na nyingine huchujwa zisionekane kwa ombi la wenyewe. Tovuti ya ADS-B Exchange haichuji, jaribu huko. Kingine, mawimbi ya redio yanayotangaza mahali ndege ilipo husafiri kwa mstari ulionyooka. Ndege iliyo chini, nyuma ya Mlima Meru, inaweza isisikike na kipokezi cha upande wa pili hata kama inatangaza kila kitu.

Kutoka Machame: Shikamoo mwalimu. Helikopta za Kirusi, Mi-8 na Mi-17, mimi naona ni moja.

Marahaba. Tazama panga dogo la mkiani. Mi-8 ya awali linalo upande wa kulia, Mi-17 upande wa kushoto. Hakikisha tu picha haijageuzwa, soma maandishi yoyote uliyo nayo kwanza. Na kama haina panga la mkiani kabisa, bali mapanga makuu mawili yaliyopandana juu ya mhimili mmoja, hiyo ni Kamov.

Kutoka Kisongo: Wanafunzi wangu wanauliza kwa nini ndege za mabomu za Kirusi zinaitwa Bear na Blinder. Warusi wenyewe waliziita hivyo?

Hapana, dada, hayo ni majina ya NATO, umoja wa kijeshi wa nchi za Magharibi. Herufi ya kwanza inataja kazi: B mabomu, C mizigo, F kivita, H helikopta. Kwa ndege za mabawa, silabi moja ni mapangaboi, silabi mbili ni jeti. Bear ni Tu-95, ya mapangaboi. Blinder ni ile Tu-22 ya Mwanza, ya jeti. An-12 ni Cub, Il-76 ni Candid. Wape majina waseme wenyewe ni ndege ya aina gani, watafurahi.

Kutoka Majengo, Moshi: Mangi, ipi ndege ya ajabu kuliko zote kwako?

BV 141 ya Ujerumani, iliyoruka mwaka 1938. Haina ulinganifu. Injini na mkia viko kwenye boriti moja, na wafanyakazi wamekaa kwenye chumba cha vioo pembeni, upande wa kulia. Ilitengenezwa kwa upelelezi, ili watu waone ardhi bila injini kuwaziba. Toleo la baadaye lilipunguziwa hata mkia wa ulalo, ukabaki karibu upande mmoja tu, ili mpiga bunduki wa nyuma apate nafasi. Na iliruka vizuri. Naipenda kwa sababu kila kitu kinachoonekana kombo kina sababu yake.

Kutoka Himo: Babu alikuwa akisimulia kwamba Wajerumani walileta meli ya angani huku. Kweli?

Ilitumwa, haikufika. Zeppelin L 59 iliondoka Jamboli, Bulgaria, Novemba 1917 ikiwa na takriban tani 15 za mahitaji ya jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku kwetu. Iligeuzwa ikiwa karibu na Khartoum na kurudi ilikotoka: zaidi ya kilomita 6,700, saa 95 angani. Haikupangwa irudi. Ingebomolewa hukuhuku, na kitambaa chake kigeuzwe mahema. Lakini huko kwenu Himo wazee wangeweza kabisa kuona ndege za kivita. Mwaka 1916 Kikosi cha 26 cha Waingereza kilikuwa na ndege za BE2c pale Mbuyuni, ng'ambo ya Taveta, zikisaidia jeshi la Smuts, jenerali wa upande wa Waingereza, lililoiteka Moshi mwezi Machi. Kama kuna wazee waliosimuliwa habari hizo, andikeni wanachokumbuka, neno kwa neno, bila kuwaongezea jina la ndege.

Kutoka Usa River: Usiku nasikia mlio tu. Naandika nini?

Saa, mwelekeo ilikotoka na ilikoelekea, na kama ni mngurumo wa mapangaboi au mvumo wa jeti. Sehemu ya jina iache wazi.

Kutoka Ngaramtoni: Nina pesa ya darubini moja. 8x42 au 10x50?

8x42. Inakupa eneo pana, ndege inayokwenda kasi haikuponyoki, na mkono hautetemeki sana. Ile ya 10x50 inafaa ukiwa na pa kuegemea, kama ukuta au mti.