Somo: Kumuwasha ngisi gizani, na chumvi inahusikaje

Wakuu, wengi mnauliza hawa bakteria wa baharini wanaong'aa chumvi wanaitakia nini. Bora mjaribu wenyewe, ngisi mmoja anatosha maana wanakaa kwenye ngozi yake.

1. Nenda soko la samaki asubuhi, chukua ngisi mbichi, na mwambie muuzaji ASIMWOSHE. Mimi mara ya kwanza kijana aliniwahi akamsuuza na maji ya bomba, anajua ananisaidia kumbe ndo kaua kila kitu, nikakesha siku mbili naangalia giza.

2. Chumvi gramu 15 kwenye nusu lita ya maji, yaani vijiko viwili na nusu vya chai. Hiyo ni asilimia 3, bahari yenyewe ni kama 3.5.

3. Mlaze kwenye sahani, nusu mwili uwe juu ya maji maana bila oksijeni hamna mwanga. Joto nyuzi 15 hivi, kwa sisi wa Dar ni deli lenye chupa ya barafu.

4. Usiku wa pili zima taa, kaa dakika 10 macho yazoee giza. Utaona vidoa vya bluu-kijani vimetulia tuli.

5. Chota vidoa na kijiti cha pamba, gawa kwenye vikombe vitatu: maji ya bomba, asilimia 3, asilimia 10. Cha bomba kinazimika kwa sababu maji yanaingia kwenye seli mpaka inapasuka. Cha asilimia 10 kinafifia, seli inakaushwa na nguvu yote inaishia kujiokoa.

Ila sio kupasuka tu. Hawa wadudu wana kama pampu inayosukuma sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, nje ya seli, ikirudi ndani inawaingizia chakula na kuzungusha mkia wao wa kuogelea. Mwanga unakula nguvu hiyo hiyo, kwahiyo pampu ikiyumba taa nayo inayumba.

MASWALI

– Mwalimu, ile chumvi ya wagonjwa wa presha inafaa?
Nyingi ina potasiamu, itazuia seli isipasuke lakini pampu inataka sodiamu. Tumia ya kawaida tu dada.

– Kwahiyo bahari ikiwaka usiku ukipiga kasia ndo hawa?
Hapana, hao ni viumbe wengine, wanamulika wakiguswa. Bakteria wanawaka mfululizo. Januari 1995 meli ilipita kwenye bahari nyeupe kama maziwa karibu na Somalia, baadae picha za setilaiti zikaonyesha eneo la kilomita za mraba kama 15,400. Hao ndo wanaodhaniwa ni bakteria.

– Ngisi tunamla baadae?
Thubutu! Mfunge kwenye mfuko utupe, vyombo loweka na dawa ya kufulia nguo nyeupe, na kama una kidonda mkononi vaa glavu.

– Mkuu, kikombe changu cha asilimia 3 nacho kimezima.
Umekiacha kimetulia muda gani? Oksijeni imeisha hapo, kitikise halafu angalia.

– Duh, kimewaka!