Kuanza na Swarm ukiwa Mombasa: piga chekini ukiwa unaondoka

Swarm ni programu ya kusema "niko hapa". Unafika mahali, unabonyeza kitufe, na simu inaandika: Lighthouse, Ijumaa, saa kumi na mbili jioni. Hiyo ndiyo chekini. Mashoga zangu waliniuliza ina faida gani na sote tuna WhatsApp. Niliwajibu kwamba WhatsApp ni ya kuambia watu, hii naitumia kujiandikia mwenyewe. Nafanya hesabu katika duka la vipuri Mwembe Tayari, na mtu wa hesabu asiyeandika hapati usingizi. Ukiniuliza zile bajia tamu tulizofungulia Ramadhani iliyopita zilikuwa za wapi, mimi sikisii. Natoa simu nakuonyesha.

Anza nayo kwa nia hiyo ya daftari na hutaichoka. Anayeanza kwa nia ya kupata wafuasi huifuta upesi, maana huenda usikute humo hata watu watatu unaowajua.

Usichanganyikiwe na majina. Wenye Swarm ni kampuni ya Foursquare. Dennis Crowley na mwenzake Naveen Selvadurai waliizindua programu ya Foursquare mjini Austin, Marekani, Machi 2009. Kabla yake Crowley alikuwa na huduma iliyoitwa Dodgeball, ya kutuma ujumbe mfupi kusema uko wapi. Google waliinunua 2005, wakaifunga 2009. Mwaka 2014 Foursquare ikagawanywa programu mbili: chekini zikahamia Swarm, na ile ya zamani ikabaki na kazi ya kupendekeza mahali pa kula na kutembea. Hiyo ya kupendekeza nayo ikafungwa Desemba 2024. Kwa hivyo binamu yako akikwambia "pakua Foursquare", ana habari za jana. Wewe tafuta Swarm.

Kufungua akaunti sina haja ya kueleza, ni mambo yale yale ya jina na neno la siri. Pa kutulia ni pale simu inapokuuliza kama programu iruhusiwe kujua ulipo. Watu hubonyeza haraka haraka ili waingie, na hapo ndipo mambo yote yanapoamuliwa. Chagua iruhusiwe wakati unaitumia tu. Ikikubembeleza baadaye uiruhusu wakati wote, ikatae: betri itadumu, na haina haja ya kujua umelala upande gani wa mji.

Lipo swali la pili. Tangu iOS 14 ya mwaka 2020 kwa wenye iPhone, na Android 12 ya 2021 kwa sisi wengine, simu inakuuliza kama programu ipewe mahali ulipo hasa au makadirio tu. Makadirio yanasikika kama ndiyo salama zaidi, lakini kwa kazi hii hayafai. Kwenye Android ni eneo la kama kilomita 3 za mraba, na kisiwa chetu chote ni takriban 14. Umesimama Makadara, programu haijui kama ni Makadara au Ganjoni, na orodha inayokuletea ni ya maduka usiyoyaona. Ipe programu mahali hasa. Siri utailinda kwa njia nyingine, nitakuja huko.

Sasa piga chekini ya kwanza, na ukitaka iwe rahisi nenda kapigie Mama Ngina, kwenye ukuta wa bahari. Chini ya mbingu wazi simu ya kawaida hukosea kama mita 5 tu, na hapo hakuna kinachoizuia. Ukibonyeza, jina la mahali linatokea juu kabisa ya orodha, unalichagua, yamekwisha.

Kazi iko Mji wa Kale. Simu inahitaji kusikia setilaiti zisizopungua 4 ndipo ijue ilipo, na ukiwa Ndia Kuu, katikati ya nyumba za ghorofa zilizosogeleana hata roshani zinataka kusalimiana, mawimbi hayo yanagonga kuta kwanza kabla ya kukufikia. Matokeo yake umekaa kwa mzee wa kahawa, dele liko mbele yako na kashata mkononi, simu inasema uko duka la vinyago la ng'ambo ya barabara. Usibonyeze jina la kwanza kwa sababu liko la kwanza. Andika herufi tatu nne za jina unalolitaka kwenye kisanduku cha kutafutia. Lisipotokea, sogea hadi uwanja ulio mbele ya Fort Jesus, uone mbingu, ivute orodha chini ijisasishe. Ukiona bado, kunywa kahawa yako kwanza. Chekini haiharibiki kwa kungoja.

Na mahali pasipokuwepo kwenye orodha? Unaweza kupaongeza mwenyewe, lakini tafuta kwanza kwa majina yote watu wanayopaita. Soko letu la viungo, wewe utaandika Marikiti, mwenzako aliandika Mackinnon Market, na la tatu litaandikwa na mgeni aliyeshuka jana. Ukiongeza jingine juu ya hayo unazidisha fujo. Tena fujo yenyewe haikai humo ndani tu. Novemba 2024 Foursquare walitoa hadharani orodha ya sehemu zaidi ya milioni 100 duniani, mtu yeyote aichukue na kuitumia kwenye programu yake. Kituo cha tuktuk ukikiweka upande usiofaa wa barabara, kosa linaweza kusafiri mbali kuliko wewe. Kuza ramani kwa vidole kabla ya kukubali alama, uiburute mpaka mlangoni hasa.

Mimi siongezi vibanda vinavyohama. Wauza mihogo wa Lighthouse leo wako hapa, kesho wamesogea. Ninachofanya ni kupiga chekini ya Lighthouse yenyewe, kisha kwenye nafasi ya maneno naandika: "mama wa mwisho upande wa ukuta, mihogo haijaungua, ndimu anakamua mwenyewe, pilipili usimwambie aongeze." Maneno hayo ndiyo mali. Chekini tupu inakwambia ulikuwa Lighthouse, na hilo hata mamako alilijua.

Nyumbani usipaongeze. Wala kwa bibi yako, wala bweni la mtoto, wala ofisi ndogo ambayo jioni unabaki peke yako. Mwaka 2010 ulianzishwa mtandao uitwao Please Rob Me, uliokusanya chekini ambazo watu walikuwa wamezitangaza Twitter, kuonyesha tu jinsi wanavyowaambia walimwengu kwamba nyumba iko tupu. Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, hata kichwa cha habari nimekipa hiyo: chekini hupigwa wakati wa kuondoka. Umeshalipa, umeshavaa viatu, unabonyeza. Daftari linaandika siku ile ile na mahali pale pale, na anayetaka kukuvizia anakuta kiti kitupu. Kwa mahali ambapo si pa mtu mwingine kujua, hospitali kwa mfano, kabla ya kutuma gusa ile alama ya kuificha, nayo itabaki ya kuonwa na wewe peke yako.

Kivukoni Likoni ni hukumu nyingine. Ule msongamano wa kushuka si pa kunyoosha simu, chekini au bila chekini. Ngoja ukae ndani ya matatu.

Kuna na michezo humo. Kila chekini inakupa sarafu, ambazo hazinunui hata mahamri, na stika za kukusanya. Unaopendeza ni umeya. Aliyepiga chekini siku nyingi kuliko wengine mahali fulani ndani ya siku 30 zilizopita ndiye meya wa pale. Kwenye Foursquare ya zamani zilikuwa siku 60. Ukibonyeza mara kumi siku moja inahesabiwa siku moja, kwa hivyo usijisumbue. Mimi na shoga yangu wa Tudor tumenyang'anyana umeya wa mahali petu pa viazi karai hadi muuzaji anatuuliza nani anatawala wiki hii. Anayenyang'anywa hulipa ukwaju. Sheria hiyo ni yetu, programu haiijui.

Ukija kwenye urafiki, kubali wale ambao ungewapa namba ya simu na usingejuta. Ombi la mtu usiyemjua, hata ana picha nzuri namna gani, liache. Akaunti ukiichoka, sheria ya Kenya ya kulinda data ya 2019 inakupa haki ya kuomba kuonyeshwa taarifa zako na kuomba zifutwe. Ila pakua historia yako kwanza.

La mwisho ni kutaja wenzako. Swarm inakuruhusu kumweka rafiki ndani ya chekini yako, aonekane mlikuwa pamoja. Muulize kwanza, kila mara, hata kama jana alikubali. Huenda kwao kaaga anaenda madrasa kumchukua mdogo wake, nawe umemweka Pirates na miguu majini. Yeye naye aingie kwenye mipangilio ya faragha aangalie nani ana ruhusa ya kumtaja. Akisema hataki, andika "na shoga yangu" bila jina. Ukisoma mwakani utamkumbuka ni nani.